Kwa Nini Siandiki Nyota

Nilizaliwa Kamina, mji wa reli nchini Kongo, pale njia itokayo Lubumbashi inapoachana, moja ikienda Ilebo na nyingine Kabalo. Wengi wa rika langu walisoma namba za mabehewa kabla ya kusoma barua. Shule naipita haraka, maana haikunifundisha kazi niliyokuja kuifanya. Nilianza na fishi za karatasi, nikahamia kwenye kompyuta zilipofika, na sehemu kubwa ya maisha yangu imekwenda katika kuunganisha orodha za watu: waliozaliwa, waliochanjwa, waliohama. Sasa nimestaafu, na vijana waliorithi biro wakiuliza nimewaachia nini, nawaambia nimewaachia ubishi mmoja. Unapounganisha majedwali kwa SQL, usiandike SELECT na nyota (*). Taja kila safu unayoitaka, na utaje jedwali inakotoka.

Karani aliyenifundisha kazi alishika kanuni hiyohiyo, ila sababu yake sikuikubali na leo siikubali. Kwake lilikuwa jambo la unadhifu. Lakini mtu mwenye haraka ukimwambia kuwa nyota ni uchafu, atakujibu kuwa uchafu wa namna hiyo haujamdhuru mtu, na hutakuwa na la kumrudishia. Sababu yangu ni kwamba majedwali yakishaunganishwa, nyota inaweza kusema uongo bila skrini kuonyesha kosa lolote. Chukua jedwali la watoto na jedwali la chanjo, yote mawili yakiwa na safu za id, jina na tarehe. Jina katika la kwanza ni la mtoto, katika la pili ni la chanjo. Tarehe huku ni ya kuzaliwa, kule ni ya kuchomwa sindano. Hifadhidata haioni tabu: inarudisha safu mbili zenye jina moja, kila moja na thamani yake. Balaa huanza pale programu inapozipokea. PHP, lugha ya mifumo mingi midogo ya maofisini, ikiupanga mstari kwa majina ya safu, hubakiza ile ya mwisho na kuifuta iliyotangulia. Hapo kila mtoto anaitwa Polio au Surua, jambo linalochekesha, na kwa sababu linachekesha litagunduliwa. Tarehe haichekeshi mtu. Tarehe ya chanjo inakaa mahali pa tarehe ya kuzaliwa, nayo inaonekana halali kabisa, na mtoto wa miaka mitatu anaandikwa kuwa kazaliwa mwezi uliopita.

Uongo mbaya zaidi uko kwenye LEFT JOIN, na hapa ndipo ninapokosa subira na vijana. Mwaka 2017 jimbo letu la Haut-Lomami lilipata mlipuko wa polio ya aina ya 2 inayotokana na virusi vya chanjo, ugonjwa unaoshika mizizi pale watoto wengi wanapokuwa hawajakingwa. Swali la kazi katika hali kama hiyo ni kumpata mtoto ambaye hajachanjwa. LEFT JOIN imetengenezwa kwa swali hilo: inawabakiza watoto wote wa jedwali la kushoto, na asiye na chanjo upande wake wa kulia unajazwa NULL. Sasa weka nyota. Id ya mwisho ni ya jedwali la chanjo, nayo kwa mtoto huyu ni NULL. Jina la mwisho nalo ni NULL. Hifadhidata imempata, programu imemfuta. Waliochanjwa wamebaki na namba, ingawa si zao, na wale tuliokuwa tunawatafuta wametoka wakiwa mistari mitupu. Hata kama jina lingenusurika, katika nchi ya Waluba huwezi kumpeleka mchanjaji hadi Butumba au Malemba-Nkulu kumtafuta Ilunga au Ngoy, walivyo wengi, bila kumpa namba ya mtoto. Nyota inaleta hasara nyingine hapohapo. Ukimhesabia kila mtoto chanjo zake kwa COUNT na nyota, asiye na chanjo hata moja atahesabiwa moja, kwa kuwa mstari wake upo. Ukihesabu safu ya id ya chanjo kwa jina lake, atapata sifuri, yaani ukweli. Kongo haijafanya sensa tangu 1984, kwa hiyo orodha hizi ndogo za afya hubeba uzito ambao kwingine hubebwa na sensa. Anayezichezea hana hesabu nyingine ya kusahihishia.

Wapo walioniambia kuwa dawa ni kuyapa majedwali majina mazuri ya safu tangu mwanzo. Ni kweli, lakini majedwali hayatoki kwa mwenye busara mmoja. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika, na Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami. Unganisha orodha ya zamani na mpya, zote zina safu ya jimbo: moja inasema Katanga, nyingine Haut-Lomami, na kila moja ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa. Nyota itakuchagulia mojawapo kwa mpangilio wa majedwali, kitu ambacho hakina uhusiano wowote na historia. Wengine hutetea USING, na hoja yao nzuri kuliko zote ni kwamba USING huifanya safu ya kuunganishia kuwa moja, na kwenye LEFT JOIN hubakiza thamani ya kushoto. Naikubali kwa safu hiyo peke yake. Jina na tarehe bado ziko mbilimbili. NATURAL JOIN siitetei kwa lolote: inaunganisha kwa kila jina linalofanana, hivyo siku mtu atakapoongeza safu yenye jina lilelile katika majedwali yote mawili, sharti la kuunganisha litabadilika na hakuna atakayejua. Wanaosema kwamba nyota huleta safu mpya yenyewe wasome nyaraka za MySQL kuhusu mitazamo (VIEW) iliyohifadhiwa: nyota hugandishwa siku mtazamo ulipoundwa, na safu ya baadaye haiingii. Na pale nyota inapoileta kweli, huenda safu hiyo mpya ikawa majibu ya kipimo cha VVU, ambayo mpangaji wa safari za chanjo hana haki ya kuyaona.

Hoja ya mwisho ni ya wakuu, nao nimewasikia wengi: kutaja safu kunachelewesha. Kunachelewesha kidogo, naam, lakini majina ndiyo yalikuwa kusudi tangu mwanzo. Edgar Codd alipoeleza majedwali ya mahusiano mwaka 1970, mtumiaji alikusudiwa ajue data kwa majina, asitegemee mpangilio wake ndani ya mashine. Matokeo yenye majina mawili yanayofanana ni jambo ambalo SQL iliruhusu baadaye, na wataalamu kama C. J. Date na Hugh Darwen wameilaumu kwa hilo. Dakika unayookoa kwa nyota unamkopa atakayesoma matokeo.

Kutaja safu hakuponyi kila kitu, na sitaki kijana anishike kwa hilo. Mtoto mwenye chanjo nne bado atatoka mara nne, hata ukiandika watoto.id AS mtoto_id kwa mwandiko mzuri. Desturi ya siku hizi ni kumwaga DISTINCT juu yake mpaka wingi upotee machoni, bila kuuliza ulitoka wapi. Ukitaka tu kujua kama mtoto amechanjwa, huhitaji safu ya chanjo hata moja: uliza kwa EXISTS, na wasiochanjwa kwa NOT EXISTS. Ndani ya mabano ya EXISTS hakuna safu inayorudishwa kwa yeyote, kwa hiyo humo andika nyota ukipenda.