Mastodon ndani ya kontena

Wiki hii nimekuwa nikisimamisha seva ya Mastodon ya kikundi chetu kidogo kwa Docker. Picha zetu za miaka zimekaa kwa wenyewe muda mrefu mno.

Kontena ni tano: ya wavuti (bandari 3000), ya kutiririsha jumbe (4000), Sidekiq, PostgreSQL na Redis. Hapo hakuna kazi, amri moja inaziamsha zote.

Kilichoninyima usingizi ni mstari mmoja ndani ya .env.production: LOCAL_DOMAIN. Jina unaloandika pale hubebwa na kila akaunti, na seva nyingine zikishakujua kwalo, ukilibadilisha umevunja kila kitu. Kulikuwa na jina la ofa, rahisi mwaka wa kwanza tu. Nikalikataa. Likinishinda kulipia, watu wangu wote wamepotea nalo. Nimechukua la .co.ke, na mfuko unalalamika.

Hifadhidata iko kwenye volumu, nje ya kontena, maana kontena ikifutwa inaondoka na vyake. Funguo za siri (toleo 4.3 la 2024 liliongeza za ACTIVE_RECORD_ENCRYPTION) nimezinakili kwenye flashi. Iko kwa mama, kabatini, pamoja na vyeti vyangu vya shule.