Ubao wa Mjukuu Wangu

Ndugu msomaji, mimi ni bibi, mkulima wa chai hapa Igogwe. Ninalea wajukuu wawili. Mama yao alifariki. Mkubwa hupenda kupiga mpira wa matambara kwa ubao, ukutani mwa jiko. Siku moja nilimnyang'anya ubao ule, nikautia motoni. Chai ilikuwa inangoja kuchumwa.

Baadaye, darasani kwetu, mwalimu alitusomea habari za Angella Okutoyi wa Kenya. Alizaliwa mwaka 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki baada ya kujifungua, bibi yao akawalea. Bibi huyo alifanya kazi ya usafi katika shule moja ya Nairobi. Angella akajifunza tenisi. Katika mchezo huo watu hupigiana mpira mdogo juu ya wavu, kwa raketi.

Julai 2022 alikwenda Wimbledon, Uingereza, kwenye mashindano ya vijana. Alicheza pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, wawili kwa wawili. Duru ya kwanza walishindwa, 6 kwa 3. Ya pili wakashinda, 6 kwa 4. Ya mwisho wakaipata, 11 kwa 9! Angella akawa Mkenya wa kwanza kutwaa kombe huko. Mwaka 2024 alipata dhahabu ya Michezo ya Afrika, Accra.

Lakini msomaji, mimi nilimfikiria yule bibi. Alirudi jioni amechoka, kama mimi. Raketi hakuichoma.

Nilichonga ubao mwingine. Mjukuu aliupokea kimya. Kesho yake nilikwenda kuchuma chai peke yangu. Niliporudi, nilisikia ukuta wa jiko unagongwa.