Kulipia "hamna kitu"

Jumanne iliyopita nimemwona mtu akilipa maelfu ya dola ili aambiwe hamna kitu, halafu akasema asante. Tangu siku hiyo nimekosa raha.

Niko Wichita, Kansas, mji ulioizaa Cessna mwaka 1927. Kwa wale wanaoniuliza kila Krismasi: hapana, bado sijawa rubani. Nashika tochi, nafungua skrubu, nafagia hanga, na jioni nasomea ufundi. Huku ni tambarare kama mbuga za kwetu, upepo ndio ule ule, ila mibuyu hakuna na baridi yake usiombe.

Ndege yenyewe ilikuwa Cessna 210 ya miaka ya sabini, imenizidi umri. Kwa nje inang'aa kama gari aina ya Noah lililotoka bandarini jana. Mwenyewe hakuja na lalamiko lolote. Injini inaitika, mafuta hayavuji, rangi mpya. Tukaichana. Viti nje, zulia nje, kitambaa cha dari nje, vifuniko vya chini ya mabawa vyote chini. Skrubu nilizipanga kwenye makopo ya kahawa mpaka makopo yakaisha. Siku tatu tunafungua kitu kizima.

Tulichokuwa tunakifuata ni boriti moja ya alumini inayokatiza juu ya vichwa vya abiria. Cessna ndogo nyingi mlizozoea kuziona zikielekea uwanja wa ndege wa Ibadakuli, huko kwetu, zina fito, zile zinazotoka ubavuni zikapanda kulishikilia bawa. Hii 210, tangu toleo la 1967, haina. Bawa la kulia na la kushoto yote yanategemea boriti ile, na ikikatika hakuna wa kuipokea. Tena imefichwa nyuma ya kitambaa, na nyingi zilibandikwa sponji. Sponji inanyonya unyevu, unyevu unakaa, alumini inaanza kuliwa polepole huku abiria wakisifia viti vya ngozi.

Tarehe 26 Mei 2019, karibu na Mount Isa, Australia, 210 moja ilikuwa kwenye kazi ya kupima miamba. Watu wa Geita mtaielewa: ndege inapita chini chini, inageuka, inarudi pembeni ya ilipopita, kama mtu anayelima matuta. Boriti ikakatika, bawa likang'oka, wawili waliokuwemo wakafa. Wachunguzi walikuta ufa ulianzia kwenye kishimo cha kutu. Kishimo tu. Mwaka uliofuata Marekani ikaagiza boriti za ndege za namna hiyo zikaguliwe.

Nilipomweleza mjomba kwenye simu kwamba chuma nacho huchoka, alicheka mpaka simu ikakatika. Lakini chukua waya wa fensi uupinde mara moja, hakuna kitu. Upinde mara ishirini, utabaki na vipande viwili. Bawa nalo linapinda kila ndege inapopaa na kila inapogonga mawimbi ya hewa. Comet, jeti ya kwanza duniani kubeba abiria kibiashara, ilipoanza safari zake Mei 1952 kutoka London kwenda Johannesburg, ilitua Entebbe, hapo jirani kabisa. Ndege ile ile ya safari ya kwanza ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954, wakafa watu 35. Haikuwa nzee. Lakini mwili wake ulikuwa umechoka: ulikuwa umejazwa hewa na kupunguzwa mara zisizofika 1,300 tu. Kwa hiyo tukisema gari la 2004 "bado kijana", sijui huwa tunahesabu nini.

Basi mzee wangu wa kazi, mtu wa karibu miaka sabini, akaifuta boriti kama anayemwogesha mtoto mchanga. Akachukua kifaa kama kalamu yenye waya. Kile kinapeleka mkondo mdogo wa umeme ndani ya alumini, na penye ufa mkondo unalazimika kuzunguka, mstari kwenye skrini unaruka. Akawa anaburuza kalamu, sentimita kwa sentimita, bila kuongea. Mimi na tochi yangu shingo imekakamaa. Mstari haukuruka. Sehemu nyingine akapaka dawa nyekundu, akaacha iingie, akafuta, akapulizia unga mweupe. Kama kuna ufa, wekundu unatoka wenyewe na kujichora mstari. Haukutoka.

Halafu akafanya jambo lililonimaliza. Kwenye ncha ya bawa, ambako si alumini bali ni faiba, alitoa sarafu mfukoni akaanza kugonga. Ti, ti, ti. Anasikiliza. Palipoachana kwa ndani panalia "bu". Nikaangua kicheko peke yangu hanga zima, maana nilimwona bibi. Bibi yangu wa Kolandoto hakuwahi kununua chungu bila kukigonga. Anakiinamisha sikioni, anagonga kwa kidole kilichokunjwa, na mwuzaji akianza kusifu anamwambia, "Nyamaza wewe, naongea na chungu." Chungu chenye ufa usioonekana hakilii, kinakohoa.

Kwa hiyo msiniambie sisi hatujui. Tunajua sana. Ila chungu kinagongwa bure.

Nyumbani fundi anayefungua kitu kizima ni mwizi wa spea. Mjomba alikuwa na Fuso ya kubeba mpunga kutoka Kahama. Aliipeleka gereji kwa ajili ya breki, fundi akiwa chini akaona rangi imepasuka kwenye chesesi, mstari mwembamba kama unywele. Akasema tushushe bodi, tukwangue, tuone. Mjomba akamjibu, "Nimekuletea breki, wewe unataka kunifungulia mpaka roho?" Rangi ikapakwa juu. Miezi minne baadaye Fuso ikajikunja katikati karibu na Tinde, magunia barabarani, utingo akavunjika mkono. Na mpaka leo hadithi inayosimuliwa ukooni ni kwamba yule fundi alikuwa na mdomo mbaya.

(Kabla hamjanishambulia: najua ndege za kwetu nazo zinafunguliwa. Waraka wa ukaguzi wa Cessna kuukuu hauishii Kansas, ndege iwe ya mgodini au ya wamisheni. Mimi naongelea vinavyotembea chini, vinavyobeba wengi wetu.)

Turudi kwa mwenye ndege. Alikuja Jumanne, akapewa karatasi, akasoma: hakuna ufa, hakuna kutu. Bili ya siku tatu za watu wawili. Mimi nilisogea nyuma ya mlango, nikingojea kelele. Kwetu mtu akikwambia "hamna tatizo" unamlipa soda, tena kwa upendo, kwa sababu hajafanya kitu. Yule bwana alikunja karatasi kama hati ya kiwanja, akasema amefurahi, akaondoka akipiga mluzi.

Jioni ile ile binamu akatuma picha kwenye kundi la ukoo. Mjomba amenunua Noah ya kupakia abiria kati ya Kolandoto na mjini. Imepigwa rangi mpya, nyuma imeandikwa "Subira". Ombi ni mchango wa matairi.

Nimetuma laki moja na nusu, lakini si ya matairi. Ni ya fundi kulala chini ya Noah siku nzima, akwangue rangi, agonge kila kiungo, na akikosa cha kusema alipwe hivyo hivyo. Mjomba amejibu kwa sauti, sekunde nne tu: "Na ikiwa hamna kitu, hela inarudi?"

Mlio karibu na Kolandoto, pitieni mumwambie hairudi.