Betri ya gari si ya kambi

Ukiwapeleka watoto kupiga kambi Naivasha, usitegemee betri ya kuwashia gari iendeshe taa na friji usiku kucha. Mabamba yake ni membamba. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Shemeji yangu alibisha. Alfajiri gari liligoma kuwaka, na maziwa ya mtoto yalikuwa yamechacha.

Mimi hubeba betri ya pili, ile ya sola yenye mabamba manene. Ni ghali, lakini kuliko kusukuma gari matopeni, heri gharama. Yangu ni ya ampea-saa 100, nami hutumia nusu tu, kwani betri ya risasi na asidi ikizoeshwa kukaushwa hufa mapema. Friji inayovuta ampea 4 mfululizo humaliza nusu hiyo kwa saa 12 hivi.

Mkirudi nyumbani, ichajini siku hiyo hiyo, penye hewa na mbali na jiko, maana hutoa gesi inayolipuka. Ikiwa ina vifuniko vya kufungua, iongezeeni maji yaliyokenekwa baada ya kuchaji, si ya mfereji. (Kuna mafundi watakaokuambia uongeze asidi. Wakatalie!) Hata ikiwa stoo tu, ichaji kila mwezi.