Koki Ikae Upande Gani

Baridi ya Arusha ya Juni na Julai imefanya hita ya maji iwe kitu cha kawaida majumbani. Zamani maji yalishuka kwa mserereko kutoka tangi la juu, na hita ilipoyapasha, yaliyozidi yalirudi yenyewe tangini. Hakuna aliyehangaika nayo. Siku hizi wengi tunafunga pampu ya kuongeza presha, nayo ina valvu isiyoruhusu maji kurudi nyuma. Bafuni raha, ila njia ya kurudi imezibwa.

Maji yakitoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kama asilimia 1.5. Kwa hita ya lita 100 ni lita moja na nusu, na maji hayashindiliki. Presha hupanda, viungo vya bomba huanza kuvuja, valvu ya usalama hudondosha kila siku hadi inaota chokaa. Ikikwama, hapo ni hatari kweli.

Naziona nyumba zetu katika hita hiyo. Zamani mwenye jambo alikuwa na pa kulipeleka: kwa shangazi, kwa bibi, kwa jirani wa ukuta mmoja. Tumehamia kwenye mageti, tukafundishana kwamba ya ndani ni ya ndani. Sipingi faragha, naipenda. Lakini aliyeziba njia ya kurudi anadaiwa tangi la kupokea mtanuko.

Kwangu fundi alikuja kufunga tangi la namna hiyo, nalo ni dogo. Ndani mpira umetenga hewa na maji. Kabla ya kulifunga, fundi alilipima kwa geji ya matairi, akalijaza upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka ukalingana na presha ya maji ya nyumba. Upepo ukipungua, alisema, tangi linajaa maji hata hita haijawashwa. Ukizidi, maji hayapati pa kuingia. Nawafahamu wasikilizaji wa namna zote mbili: aliyekwisha kujaa ya kwake, na mgumu asiyeingilika.

Koki ya kufungia aliiweka kwenye bomba la maji baridi, kabla ya tangi. Kati ya tangi na hita hakutaka koki yoyote. "Mama, ukifunga hapo katikati," aliniambia, "hita inabaki peke yake na moto wake." Nilimfikiria kila mtoto tuliyemwambia "nyamaza" huku kinachomchemsha tukikiacha kiendelee. Kufunga chanzo ni kazi. Kumfunga mtu mdomo ni rahisi, ndiyo maana tunakimbilia hilo.

Kisha akamwita binti yangu na dada wa kazi. Aliwaonyesha swichi ya hita, izimwe kwanza, halafu kila mmoja akaishika koki kwa mkono wake: mpini ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukilikatiza yamefungwa. Akawarudisha tena kwenye swichi na koki, safari hii bila kuwaelekeza.