Kwenda Mbaha na Draiva Mbili

Hadi Mbamba Bay hakuna taabu. Ukitoka Songea unapita Mbinga, mashamba ya kahawa huku na ngoro, mashimo ya kulimia ya Wamatengo, kule, kisha lami inashuka kwa kona nyingi mpaka ziwani. Taabu inaanza ukigeuka kaskazini, kupita Liuli. Huko ni vumbi na mawe, na nilikuwa nyuma ya pikipiki nikiwa nimepakata begi lenye taa za LED, vipande vya alumini na draiva mbili, yaani vifaa vya kudhibiti mkondo wa LED, nilizozifunga kwenye soksi zisigongane.

Kazi yangu ni kuunda taa za matangi ya samaki. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanafugwa sana Ulaya na Marekani, na wafugaji wa huko wanayajua majina ya visiwa vya Lundo na Puulu bila kufika. Mimi wa mkoa huu huu nilikuwa sijawaona mahali wanapoishi.

Mbaha nilipokelewa na baba mdogo, mvuvi wa usipa. Mchana alinipeleka kwenye miamba. Maji ni maangavu. Mbuna wanakwangua ukijani kwenye mawe, na juu yao michirizi ya mwanga inakimbia kila wimbi likipita. Michirizi hiyo huletwa na mwanga unaotoka sehemu moja, kama jua. Taa ndefu ya tyubu haiwezi kuileta, ila LED chache zenye nguvu zinaweza. Hilo nilikuwa nimelisoma tu.

Usiku, mwezi ukiwa umefichama, tukaingia majini kwa mtumbwi. Zamani usipa walivutwa kwa karabai. Taa ya baba mdogo ilikuwa LED tatu za wati tatu zilizounganishwa kwa mfuatano, betri ya volti 12 na rezista moja katikati.

“Mwanangu, hii inanila pesa kuliko mafuta ya karabai,” alisema. “Ikifika usiku wa manane inafifia. Na mchana vijana wakiijaribu betri ikiwa kwenye sola, inaungua.”

Nikatoa mita. LED tatu zinachukua kama volti 9.6. Rezista ilikuwa ya omu 4.3, kwa hiyo betri ikiwa na volti 12.6 mkondo ni miliampea 700, sawasawa kabisa. Ikishuka hadi 11.4, mkondo unabaki 420 hivi, na usipa nao wanatawanyika. Sola ikiipandisha hadi 14.4, mkondo unapita 1,100. Hapo LED inapata joto, na ikipata joto inadai volti pungufu, hivyo mkondo unazidi kupanda. Rezista haina habari na lolote kati ya hayo.

Draiva ya kwanza kwenye soksi ilikuwa ya umeme wa nyumbani, volti 230. Mtumbwini haina kazi, hata kama kibandiko chake kinataja wati zile zile. Ya pili ilikuwa ndogo ya betri, ya kushusha volti, yenye mkondo usiobadilika wa miliampea 700. Tuliifunga tulipopanda ufukweni. Kijana mmoja akataka tuongeze LED ya nne, mwanga uwe mwingi. Nikakataa: nne zinadai karibu volti 12.8, na draiva ya kushusha haiwezi kutoa volti ambazo betri yenyewe haina. Anayetaka nne atafute draiva inayoweza kupandisha na kushusha, maana kwenye sola betri hupita volti hizo, na ajue kuwa betri itaisha mapema. Kuzigawa mbili mbili kwenye draiva moja nako sikushauri, kwa sababu tawi moja hujichukulia mkondo zaidi ya mwenzake.

Kwa tangi la samaki mjini Songea hesabu ni nyingine. LED kumi kwa mfuatano ni volti 32 hivi, hivyo inafaa draiva ya volti 24 hadi 42, miliampea 700, iliyozibwa unyevu usiingie. Sharti jingine ni kwamba upande wa kutoa utenganishwe kabisa na umeme wa ukutani, maana mwenye tangi huingiza mkono majini taa ikiwa inawaka. Isiyo na utenganisho huo huwa rahisi dukani, lakini tangini siifungi.