Charleston: Mji Mzuri na Mikono Iliyoujenga

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sisi akina mama mara nyingi tunasafiri kwa sababu maalumu: kuna msiba, kuna harusi, kuna mkutano wa kanisa, au mtoto anapelekwa shule. Ni nadra kusafiri ili kutembea kwa miguu tu, kutazama na kusikiliza. Ndiyo maana tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari za mji wa Charleston, kusini mwa Marekani, ambao kundi letu la akina mama wa kanisa lilipata nafasi ya kuutembelea kwa miguu likiongozwa na mwenyeji.

Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa huko, mmoja wa watu wanaoitwa Wagullah. Hao ni wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani katika pwani ile, na mpaka leo wana lugha yao, mapishi yao na ufundi wao. Kabla hatujaanza safari alituomba jambo moja tu: kila tunapoona kitu kizuri, tujiulize kilitengenezwa na mikono ya nani. Ombi hilo lilituongoza siku nzima.

Nyumba zenye rangi

Charleston uko katika jimbo la South Carolina, kwenye ncha ya nchi kavu iliyo kati ya mito miwili, Ashley na Cooper. Waingereza walianza makazi yao huko mwaka 1670, wakayaita Charles Town kwa heshima ya mfalme wao Charles wa Pili. Jina la sasa lilianza mwaka 1783. Hali ya hewa ingemfaa mtu wa Tanga au Mombasa, kwani kuna joto, unyevu na harufu ya bahari.

Tulianzia mtaa wa East Bay, penye nyumba 13 zilizopangana, kila moja na rangi yake: waridi, manjano, kijani, buluu. Hapo zamani zilikuwa maduka ya wafanyabiashara wa bandarini. Rangi hizo zilianza kupakwa miaka ya 1930, nyumba zilipofanyiwa ukarabati. Nyumba nyingi za mji huo zimeelekeza ubavu barabarani, na mbele yake kuna baraza ndefu la kupokea upepo. Katika kuta nyingi utaona vichwa vya chuma vya duara. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 31 Agosti 1886, vyuma virefu vilipitishwa toka ukuta mmoja hadi mwingine ili kuzishika nyumba zisianguke.

Mwongozaji alituambia tusogee karibu na ukuta mmoja wa zamani tutazame matofali yake. Katika baadhi ya matofali ya Charleston ya wakati huo, na ya mashamba ya jirani, zimebaki alama za vidole, na nyingine ni ndogo sana. Matofali yalifyatuliwa na watumwa, nao watoto walipewa kazi ya kuyageuza na kuyabeba yakiwa bado mabichi. Akina mama tulinyamaza. Kila mmoja alikuwa akipima vidole vile kwa vidole vya mtoto wake.

Nyuma ya nyumba kubwa

Mtalii akipiga picha mbele ya nyumba, huona baraza na maua. Nyuma yake kulikuwa na jengo la pili, dogo, lenye jiko na mahali pa kufulia, na juu yake vyumba vya watumwa wa nyumbani. Humo alilala mpishi, yaya, dobi na mtunza farasi. Waliosikia kengele usiku waliamka, hata kama walikuwa na watoto wao wenyewe wanaonyonya. Kufikia mwaka 1708 watu weusi walikuwa wameshawazidi weupe kwa idadi katika koloni lile.

Wengine walikodishwa kufanya kazi mjini, na ujira wao kumwendea bwana wao. Hao walilazimishwa kuvaa kibamba cha shaba chenye namba, mwaka na kazi yao, kwa mfano mchukuzi, mvuvi au mtumishi. Tulionyeshwa kibamba kimoja. Kilikuwa na kazi na namba, lakini jina la mtu halikuwemo.

Katika mtaa wa Chalmers, uliotandazwa mawe ya mviringo, kuna jengo lililojengwa mwaka 1859 kwa ajili ya mnada wa watu. Mwaka 1856 halmashauri ya mji ilikataza watu kuuzwa hadharani barabarani, si kwa kuwahurumia, bali kwa sababu ulionekana kuwa aibu mbele ya wageni. Biashara ikahamia ndani, ikaendelea mpaka mwaka 1863. Leo jengo hilo ni makumbusho. Humo unaelezwa jinsi watu walivyolishwa vizuri na kupakwa mafuta siku chache kabla ya mnada ili waonekane na afya. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tulichomwa moyo na habari hiyo, kwani tumefundishwa kumtunza mtu ili apone, na hapo watu walitunzwa ili wapate bei.

Ungo, kinu na mpunga

Msidhani lakini kwamba matembezi yale yalikuwa ya majonzi tu. Katika soko la mji tuliwakuta akina mama wakisuka vikapu kwa nyasi na ukindu, wakizungusha mshono kuanzia katikati. Tulipoona ungo mpana wa kupepetea, tulicheka kwa furaha kama tuliomkuta ndugu ugenini!

Ufundi huo una historia. Utajiri wa Charleston ulitokana kwa sehemu kubwa na mpunga, nao watumwa wengi walitoka nchi za Afrika Magharibi zilizojua kulima mpunga. Walijua kuchimba mifereji, kutwanga kwa kinu na mchi, na kupepeta kwa ungo. Ujuzi huo ukamtajirisha bwana shamba, lakini kikapu kikabaki kwa mama, akamfundisha binti yake, naye akamfundisha wa kwake. Mwaka 2006 jimbo lilikitangaza kikapu hicho kuwa kazi rasmi ya mikono ya South Carolina. Bei yake ni kubwa, na ni haki, maana kikapu kimoja chaweza kuchukua wiki nyingi kumalizika.

Mahali pa kushukia

Kando ya mto Cooper lilikuwepo gati la Gadsden. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu asilimia 40 ya Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani ya Kaskazini waliingilia bandari ya Charleston, na katika miaka ya mwisho kabla biashara hiyo haijakatazwa na sheria mwaka 1808, gati hilo ndilo lililopokea maelfu yao. Mahali hapo, tarehe 27 Juni 2023, palifunguliwa makumbusho makubwa ya historia ya Waafrika wa Marekani. Jengo limeinuliwa juu ya nguzo, ili ardhi ile isikaliwe na kitu. Chini yake kuna sakafu yenye michoro ya miili ya watu waliolazwa wamebanana kama ilivyokuwa melini, na maji huja na kuondoka juu yake. Aliyewahi kusimama Bagamoyo, au penye sanamu za watumwa kule Mkunazini, Unguja, ataelewa kwa nini hatukuzungumza.

Kanisa la Emanuel

Tukafika mtaa wa Calhoun, kwenye kanisa jeupe lenye mnara mrefu. Usharika wa Emanuel ulianza kati ya 1816 na 1818, Wakristo weusi walipojitenga na makanisa yaliyowabagua. Mwaka 1822, baada ya njama ya uasi iliyohusishwa na Denmark Vesey, wanaume 35 walinyongwa na kanisa likabomolewa. Kuanzia mwaka 1834 waumini walisali kwa siri, mpaka vita ilipokwisha mwaka 1865. Jengo la sasa ni la mwaka 1891.

Jumatano jioni, tarehe 17 Juni 2015, kijana mweupe alikaribishwa katika darasa la Biblia. Walikuwa wakisoma mfano wa mpanzi katika Marko sura ya 4. Alikaa nao, kisha akawaua watu tisa, wanawake sita na wanaume watatu, akiwemo mchungaji wao. Siku mbili baadaye, mahakamani, baadhi ya ndugu wa marehemu walimwambia kwamba wamemsamehe. Wengine walisema wazi kwamba bado hawajafika hapo. Mwongozaji wetu alitusihi tusiwasahau hao wa pili. Kusamehe si kazi ya kumlazimisha mtu aliyefiwa, na wala msamaha haufuti haja ya kusema kweli. Tarehe 19 Juni 2018 halmashauri ya mji iliomba radhi rasmi kwa utumwa.

Wauguzi wa Charleston

Kwetu wauguzi habari moja ilikuwa zawadi. Mwaka 1897, madaktari weusi wakiongozwa na Alonzo McClennan walifungua hospitali na shule ya wauguzi katika mtaa wa Cannon, kwa kuwa wasichana weusi walikuwa hawana mahali pa kusomea kazi hiyo mjini. Anna DeCosta Banks alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali hiyo.

Hata hivyo, mwaka 1969 wauguzi wasaidizi, wapishi na wafagiaji weusi katika hospitali ya chuo cha tiba walikuwa wakilipwa dola 1.30 kwa saa. Wenzao 12 walipofukuzwa, zaidi ya 400, wengi wao wanawake, waligoma wakiongozwa na Mary Moultrie. Waliandamana kwa zaidi ya siku 100, na Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, alikuja kuwaunga mkono. Chama chao hakikutambuliwa, lakini walirudishwa kazini, wale 12 pia, na mishahara ikaongezwa.

Turudi nyumbani kwetu

Mama mpendwa, pengine hutafika Charleston. Swali la mwongozaji wetu, hata hivyo, linaweza kuulizwa sebuleni kwako. Nani amepiga pasi sare za watoto? Nani amepika chakula mlichokishukuru kwa sala? Wengi wetu tunasaidiwa na wasichana wa kazi. Je, watoto wetu wanajua jina lake kamili, au wanamwita dada tu? Analala wapi? Analipwa mshahara wake kwa wakati, na siku ya Bwana anapata nafasi ya kwenda kusali? Yeye si mtumwa, lakini nyumba yaweza kuwa nzuri mbele huku nyuma yake kuna mtu asiye na jina.

Tunashauri pia watoto wetu watembezwe. Mwombeni mzee wa mtaa awaonyeshe nani alijenga kanisa, nani alichimba kisima, nani alianzisha shule. Ni matembezi ya saa mbili tu, na hayana gharama.

Na ukijaliwa kufika Charleston, vaa viatu vya kutembelea, chukua kofia na maji, na epuka miezi ya Juni hadi Agosti yenye joto kali. Kabla ya kulipa, uliza kama mwongozaji atazungumzia nyumba na bustani tu, au na watu waliozijenga pia. Mchague yule atakayekusimulia habari za wote.